Vidonda Visivyoeleweka Mdomoni mwa Mbwa Mdogo: Anzia Mahali Kidonda Kilipo

Katika maduka ya dawa za mifugo ya Arusha na Moshi, mtu aliyemwacha nyumbani mbwa wake mdogo akidondosha udenda wenye damu huja na swali moja: nimpe dawa gani? Haraka yake inaeleweka, lakini swali lenyewe halijibiki, kwa sababu kidonda cha mdomoni si ugonjwa. Ni alama inayoachwa na mambo mengi yasiyohusiana, kuanzia njiti ya mshikaki iliyokwama kwenye kaakaa hadi figo zilizoacha kuchuja damu, na dawa inayomfaa mbwa mmoja inaweza kumdhuru mwingine mwenye kidonda kinachofanana. Maswali yenye manufaa zaidi ni haya: kidonda kiko sehemu gani ya mdomo, kinagusana na nini, na mwili mzima wa mbwa una dalili gani nyingine? Kwa maoni yangu, vidonda vingi vinavyosemwa kuwa havina sababu ni vidonda ambavyo hakuna aliyepata nafasi ya kuvitazama vizuri.

Kabla ya kufungua mdomo wowote, hata hivyo, liko jambo la kutangulia. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini, na kina sura ya kimya isiyo na ukali wala kukimbiza watu: taya la chini linalegea, koo linapooza, mate yanamwagika kwa kuwa hayamezeki, na mwenye mbwa anaamini kwamba mfupa umekwama. Anapoingiza vidole kuutafuta mfupa usiokuwepo, mate yenye virusi yanakutana na mchubuko wowote alio nao mkononi. Kwa hiyo mbwa ambaye chanjo yake haieleweki, au aliyewahi kung'atwa na mnyama asiyejulikana, kisha akabadilika tabia, akashindwa kumeza au sauti yake ikageuka, asiguswe mdomo. Afungiwe mahali salama na daktari wa mifugo aitwe. Mtu aliyekwisha kung'atwa, au ambaye mate hayo yamemgusa kwenye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, kwa kuwa dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Wanaosema kwamba mbwa wao ni wa ndani na hatoki getini wakumbuke kwamba geti hilo hilo hufunguliwa mara nyingi kwa siku.

Mbwa ambaye shaka hiyo imeondoka anaweza kutazamwa nyumbani, kwa utaratibu. Maumivu ya mdomo hayamfanyi mbwa agome kula mara moja. Mara nyingi husogea kwenye bakuli kwa hamu, akagusa chakula na kurudi nyuma, au akatafuna kwa upande mmoja, akaangusha tonge, akameza bila kutafuna, akasugua uso kwenye zulia. Mkalishe karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana na uinue mdomo wa juu kwa kidole bila kuachanisha taya, kwa maana ufizi wa nje na uso wa ndani wa shavu huonekana hivyo bila kumuumiza. Bonyeza ufizi kidogo uwe mweupe, kisha achia: rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Wako mbwa wenye ufizi mweusi kwa asili, na kwao utatafuta sehemu isiyo na weusi. Iwapo anakubali, fungua taya utazame kaakaa, kingo za ulimi na chini ya ulimi, upige picha kwa simu na kuandika tarehe. Iwapo analia au anajaribu kung'ata, acha. Kazi hiyo itafanywa na daktari kwa dawa ya usingizi, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Sehemu ya kwanza ya kuchunguza kwa mbwa mdogo ni meno yake, hata kama kidonda hakipo kwenye ufizi. Mbwa mzima ana meno 42, awe mbwa wa ulinzi mwenye kilo 35 au mbwa mdogo wa aina ya Maltese mwenye kilo tatu, na katika taya fupi la huyu wa pili meno hayo yanabanana kama abiria wa daladala ya jioni. Yanapopandana, mabaki ya chakula na vijidudu hujenga ukoga, ukoga usiposuguliwa hukauka na kuwa ugaga, na ugaga husukuma ufizi hadi jino libaki na mfuko wa usaha pembeni mwake. Hali hii ndiyo chanzo cha kawaida kuliko vyote cha harufu mbaya, damu na vidonda mdomoni mwa mbwa wadogo, na huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Dalili zake za mwanzo hupatikana kwa mbwa wengi kabla hawajatimiza miaka mitatu. Desturi ya kuwalisha ugali laini uliochanganywa na mchuzi wa dagaa au supu huongeza tatizo, kwa kuwa hakuna kinachosugua jino. Hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kumpa mifupa migumu, ambayo huvunja magego na kuleta shida nyingine.

Kwa mbwa mchanga hesabu ni tofauti kidogo. Meno ya utoto ni 28, na mengi hung'oka yenyewe kufikia umri wa miezi sita au saba. Kwa mbwa wa aina ndogo jino la utoto hupenda kubaki, hasa chonge, na chonge mpya huota pembeni mwake ikiwa imepinda. Chonge ya chini ikisukumwa kwa ndani, kila mbwa anapofunga mdomo ncha yake huchoma kaakaa mahali pale pale, na baada ya muda hutoboa shimo. Mwenye mbwa huona kidonda kisichopona kwenye kaakaa na kununua dawa ya kupaka, wakati dawa yake ni kung'oa jino lililopaswa kuwa limeondoka.

Kuna ugonjwa mmoja wa mbwa wadogo unaostahili kuelezwa kwa kirefu zaidi, kwa sababu ndio unaochanganya hata walioanza kuelewa mambo ya meno. Katika ugonjwa huo, vidonda hutokea kwenye uso wa ndani wa mdomo au shavu, mahali hasa panapogusana na jino kubwa, kwa kawaida chonge ya juu au gego kubwa la juu. Ukifunga mdomo wa mbwa, kidonda na jino hulala uso kwa uso. Jino lenyewe huenda lina ugaga kidogo tu, wala halijavunjika, na ndiyo maana watu husema kidonda hakina sababu. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili wa mbwa huyo inaushambulia ukoga kupita kiasi, na utando laini unaougusa ukoga huo ndio unaoungua. Maltese na Cavalier King Charles Spaniel ni miongoni mwa aina zinazotajwa sana, ingawa mbwa yeyote anaweza kuupata. Maumivu yake ni makali, udenda huwa mzito, harufu huwa kali, na kiasi cha uchafu unaoonekana hakilingani na mateso ya mnyama.

Tiba yake inafuata mantiki hiyo: kwa kuwa mwili unapambana na ukoga, ukoga lazima uondolewe na usirudi. Meno husafishwa kwa nusu kaputi, juu na chini ya ufizi, kisha hupigwa mswaki nyumbani kila siku, ikiwezekana mara mbili. Mwenye mbwa asiyeweza kufanya hivyo, au mbwa asiyeruhusu, atashauriwa kung'oa meno yanayogusana na vidonda, na wakati mwingine meno yote. Pendekezo hilo huwashtua watu, lakini mbwa asiye na meno na asiye na maumivu hula vizuri kuliko mwenye meno yanayomchoma. Sindano ya antibayotiki peke yake hupunguza vijidudu kwa siku chache, mbwa akachangamka, kisha vidonda vikarudi. Nafuu hiyo fupi imewapoteza wengi, kwa sababu inaonekana kama ushahidi kwamba dawa ilikuwa sahihi na ilihitaji tu kurudiwa.

Vidonda vikiwa kwenye ncha na kingo za ulimi, fikira inapaswa kuhamia kwingine. Figo zikishindwa kazi, urea hulimbikizana kwenye damu na kuingia katika mate, ambako bakteria huigeuza kuwa amonia inayochubua utando wa mdomo. Pumzi ya mbwa hunuka kama mkojo, ncha ya ulimi hugeuka rangi ya kahawia na hata kumeguka, na ukiuliza vizuri utaambiwa kwamba kwa miezi kadhaa amekuwa akinywa maji mengi, akikojoa sana, akikonda na kutapika mara kwa mara. Kwa mbwa mzee hali hii huja polepole. Kwa mbwa kijana inaweza kuja ghafla, ama kwa sumu kama zabibu au maji ya rejeta ya gari yenye kemikali ya kupoza injini, ama kwa leptospira, bakteria wanaoenezwa na mkojo wa panya na wanaostawi kwenye maji yaliyotuama wakati wa masika. Leptospira humwambukiza binadamu pia, kwa hiyo anayesafisha mkojo wa mbwa anayeshukiwa avae glavu. Hapa kusafisha meno hakutibu chochote. Kipimo cha damu cha urea na kreatinini, takataka ambazo figo nzima huzichuja, pamoja na kupima mkojo, ndicho kinachotoa jibu.

Ulimi huo huo huchubuka kwa sababu nyingine iliyo karibu zaidi, yaani sakafu. Mbwa wa kilo nne hulala kwenye vigae, hukanyaga maji ya kupigia deki, kisha hulamba nyayo zake. Dawa ya kuondoa madoa au kuua vijidudu ikimiminwa bila kuchanganywa vya kutosha huunguza ulimi na midomo, na vidonda vinaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna anayekumbuka kilichofanyika asubuhi. Anayejua ni yule anayeshinda na mbwa: dada wa nyumbani, mlinzi, watoto waliofunga shule. Waulizwe kwa upole na bila kutafuta wa kulaumiwa, kwani swali lenye ukali huzaa jibu la “sijui”, na jibu hilo linamgharimu mbwa. Aliyelamba kemikali asuuzwe mdomo kwa maji safi yanayopita kwa upande ili yasiingie kooni, asitapishwe, kwa sababu kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda, na chupa ya kemikali hiyo ipelekwe kwa daktari.

Uani nako kuna ya kwake. Utomvu mweupe wa mnyaa, unaotumika sana kama uzio, huwasha mdomo na macho vibaya, na mmea wa sebuleni wenye majani mapana yenye mabaka meupe huwa na vijisindano vya oksaleti vinavyochoma ulimi pindi unapotafunwa. Mtoto wa mbwa anayetafuna waya wa chaja hupata kidonda cha rangi ya kijivu kwenye pembe ya mdomo au katikati ya ulimi. Kidonda hicho kinaweza kuonekana kidogo, lakini umeme hufanya mapafu yajae maji saa kadhaa baadaye, kwa hiyo kupumua kwake kufuatiliwe kwa karibu kwa siku nzima. Kipande cha njiti au mfupa hukwama kwa kulala katikati ya magego ya juu, kikivuka kaakaa, na kinaweza kukaa hapo hadi kioze. Ukiona uzi umezunguka shina la ulimi usiuvute, kwa sababu upande wa pili huenda uko tumboni, na kuuvuta kunaweza kukata utumbo.

Damu inayotoka kwenye ufizi usio na kidonda ni habari nyingine kabisa. Vidoa vyekundu kama vya ncha ya sindano kwenye ufizi, damu ya pua na michubuko tumboni huelekeza kwenye magonjwa ya kupe, hasa ehrlichia, ambayo huangusha idadi ya chembe sahani zinazogandisha damu. Ufizi uliopauka pamoja na homa na mkojo mwekundu huelekeza zaidi kwenye babesia, ugonjwa mwingine wa kupe. Mbwa mwenye dalili hizi asing'olewe jino lolote kabla ya kupimwa damu, kwa kuwa anaweza kuvuja bila kukoma.

Kwa wakazi wa miteremko ya Meru kuna dhana moja ya kuondoa njiani. Maji ya maeneo mengi ya huku yana floraidi nyingi, na watu waliokulia hapa wanajua alama za kahawia zinazoachwa kwenye meno. Floraidi huathiri jino likiwa bado linaumbika. Haitoboi ulimi wala haichani ufizi wa mbwa mzima, na kumbadilishia maji hakutaponya kidonda chake.

Uvimbe nao usisahaulike. Vinyama vyenye uso wa koliflawa kwenye midomo ya mbwa kijana kwa kawaida ni chunjua za virusi ambazo hutoweka zenyewe baada ya miezi michache, na haziambukizi watu. Kidonda cha upande mmoja kwa mbwa mzee, kinachovuja damu na kulegeza jino moja wakati majirani zake ni mazima, kichukuliwe kuwa saratani hadi kipimo kiseme vinginevyo. Si kila melanoma, mojawapo ya saratani hizo, ni nyeusi. Nyingine zina rangi ya waridi na hufanana na ufizi uliovimba tu.

Kundi la mwisho ni la magonjwa adimu ambayo kinga ya mwili hushambulia tishu zake yenyewe. Vidonda huwa vingi, huenea pande zote bila kufuata mahali jino linapogusa, na aghalabu huambatana na vidonda kwenye pua, kope, njia ya haja au mizizi ya kucha. Hayatambuliwi kwa macho. Daktari huchukua kipande kidogo cha nyama kutoka ukingoni mwa kidonda, mahali utando mzima unapokutana na uliochubuka, kwa sababu katikati ya kidonda hakuna tena utando wa kusomwa. Sampuli huwekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na huvumilia safari bila barafu, hivyo kuishi mbali na maabara si sababu ya kuacha kipimo hiki. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Arusha, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndiko kwenye ndaki ya tiba ya wanyama na hospitali yake. Daktari wako atajua ni wapi sampuli ya aina hiyo inasomwa kwa wakati huo.

Kinachoharibu uchunguzi wote huu mara nyingi ni dawa iliyotangulia. GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka, huficha rangi ya kidonda na yenyewe huwasha utando. Sindano ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, hupunguza uvimbe ndani ya siku moja na kumfurahisha kila mtu, lakini inaweza kufuta alama ambazo kipimo cha nyama kingezisoma, na kwa mbwa mwenye maambukizi hupunguza uwezo wa kupambana nayo. Hatari kubwa zaidi iko kwenye dawa za maumivu za binadamu. Kidonge kimoja cha ibuprofeni cha miligramu 400 kwa mbwa wa kilo nne ni miligramu 100 kwa kila kilo, kiwango kinachotosha kuchubua tumbo hadi litoe damu. Diklofenaki haina huruma zaidi, na parasetamoli huumiza ini na chembe nyekundu. Ziko dawa za maumivu za mbwa, lakini hata hizo hazitolewi kabla ya kujua kama figo ni nzima. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetibu wanyama awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari, na si kila anayesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa ana usajili wa udaktari. Kumuuliza si kumvunjia heshima.

Fedha zikiwa chache, kama zilivyo kwa wengi, mpangilio wa vipimo una maana. Ningeanza na kumtazama mbwa mwili mzima na kipimo cha damu chenye hesabu ya chembe, urea na kreatinini, kwa kuwa kinagusa figo na magonjwa ya kupe kwa pamoja na ndicho kinachohitajika kabla ya nusu kaputi yoyote. Baada ya hapo mdomo utazamwe mbwa akiwa amelala, meno yasafishwe, yapigwe picha ya eksirei pale kifaa kilipo, na kipande cha nyama kichukuliwe katika usingizi huo huo kama kidonda hakina maelezo. Kulaza mbwa mara mbili kwa sababu ya kusita mara ya kwanza ni ghali kuliko kipimo chenyewe.

Nyumbani, wakati majibu yakisubiriwa, mpe chakula laini kisicho cha moto: nyama ya kusaga iliyochemshwa, yai, ugali mwepesi uliolainishwa kwa maji ya nyama yasiyo na chumvi wala vitunguu, kwa kuwa vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mtoto wa mbwa mdogo asikae muda mrefu bila kula, kwani sukari yake hushuka upesi. Usimpake limau, siki wala maji ya chumvi makali. Dawa ya kusuuza ya klorheksidini ya asilimia 0.12 isiyo na kileo inaweza kutumika daktari akikubali, na vidonda vikipungua mswaki laini wa mtoto mchanga unafaa, ukiwa na maji tu au dawa ya meno ya mbwa; ya binadamu haifai, kwa sababu mbwa huimeza, na baadhi zina zilitoli, utamu unaoangusha sukari yake kwa hatari. Akianza kupumua kwa shida, uso ukivimba, ufizi ukipauka au akikaa siku nzima bila kunywa maji, mpeleke bila kusubiri miadi.

Utando wa mdomo hupona haraka kuliko ngozi. Kidonda kilichotokana na njiti, waya au jino lililopinda kinapaswa kuonyesha kufunga ndani ya siku chache baada ya chanzo kuondolewa, na kisipofunga kwa wiki mbili kipimo cha nyama kisicheleweshwe tena. Kwa mbwa mwenye vidonda vya ukoga, hata baada ya kung'olewa meno baadhi yao hubaki na vidonda vichache, kwa kuwa ukoga hukaa pia kwenye ulimi na mashavu, na hao huendelea na dawa za kutuliza kinga kwa miezi. Kwao picha ya simu ya kila wiki, iliyopigwa kwenye dirisha lile lile na kwa upande ule ule, humsaidia daktari kujua lini kipimo cha dawa kipunguzwe.